Poda ya Owia na Bega la Mjomba Nkansah

Jumatatu, 4 Desemba

Imefika! Kisanduku kutoka Accra, utepe wa kahawia, jina langu limeandikwa kwa mkono mzuri: Bi Afrakoma Boadi, Mpambaji, Bantama, Kumasi. Mpambaji. Mama yangu huniita mpaka rangi. Nimemwekea kisanduku mezani asome mwenyewe.

Ndani, poda ya Owia. Maana yake jua, na walioipa jina hawakukosea. Rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu na limau, inametameta kama mto saa za mchana. Kopo la mviringo, zito mkononi kama mawe ya mababu ya kupimia dhahabu. Kifuniko kinafunga kwa mlio mdogo wa heshima, kama mlango wa gari la waziri. Nimekifungua na kukifunga mpaka chai ikapoa.

Mwenye poda hii ni Bibi Korantema. Aliianzia jikoni kwake, mjane, watoto wa kulea, mwiko uleule wa kusongea chakula. Leo ana karakana. Nampenda mwanamke huyu ingawa sijamwona. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja Kumasi kuchagua uso wa Owia kwa mkoa mzima wa Ashanti. Uso huo utawekwa kwenye bango karibu na soko la Kejetia, mahali ambapo hata asiyetaka kuniona ataniona.

Tumetumiwa wawili tu. Mimi, na Dufie Ansah wa mtaa wa pili.

Dufie. Mpambaji hodari, sikatai. Maharusi wake hulia na wanja usichuruzike. Lakini hana haraka, na dunia hii ni ya wenye haraka.

Mpango: kuwa wa kwanza. Jioni hii hii nimerekodi maoni yangu na kuwarushia wafuasi wangu. Nimesema Owia hukaa usoni kama msumari ukutani. Haijali jasho, haijali machozi, haijali busu. Sijaipaka bado. Lakini mtu hawezi kutengeneza kopo kama lile halafu akatia upuuzi ndani yake.

Mama alikuwa mlangoni anachambua kunde. Akasema nimesifu sufuria, mchuzi sijaonja. Nikamwambia wanawake wenye akili huujua mchuzi kwa harufu.

Jumanne, 5 Desemba

Nimeipaka. Kwenye kiganja, uzuri mtupu. Nilikaa uani na kiganja changu juani kama mtu aliyetoka kushikana mkono na malaika.

Usoni, habari tofauti kidogo. Mashavu yaling'aa nikajiona binti wa mfalme. Nikageuka kuchukua hereni. Niliporudi kwenye kioo, shavu moja lilikuwa limekwisha toka ufalmeni. Kufikia mchana mashavu yote mawili hayakuwa na kitu. Pua ilikuwa nacho. Shingo ilikuwa nacho. Simu, kitasa cha mlango, mto wa kiti, sahani yangu ya waakye, punje za wali na za kunde, vyote viling'aa. Mteja mmoja aliniuliza kwa upole kama nilikuwa naparua samaki.

Nimelichunguza jambo hili kwa haki. Kosa ni la ngozi yangu. Harmatani imeanza, upepo huo wa vumbi la jangwani umekausha kila kitu, hata kuta zimepasuka midomo. Poda ishike wapi? Nikatangulia kujipaka mafuta ya shea, mengi. Sasa ikashika. Na vumbi nalo likashika. Nilipofika kwa muuza mkate akaniuliza tunapiga plasta nyumba ya nani.

Lakini ile rangi juu ya lile vumbi. Sijawahi kuona vumbi zuri kiasi kile.

Nikarekodi tena, dirishani, jua likinimulika, haraka, kabla poda haijahama. Wafuasi wamesifu. Bibi Korantema mwenyewe ameandika: Mungu akubariki, dada, maneno yako yamenitia nguvu. Nimemsomea mama kwa sauti. Akasema ni maneno mazuri, ila nina dhahabu kwenye meno.

Alhamisi, 7 Desemba

Dufie kimya. Hajarekodi, hajasifu, hajatukana. Kimya cha mtu hodari si cha kuaminiwa.

Nikaenda kwake kwa kisingizio cha kuazima sponji. Nilimkuta ameketi uani, shavu moja amepaka, la pili tupu. Anajibandika kitambaa cheusi usoni, anakibandua, anakitazama. Angekuwa mtu mwingine ningemwonea huruma.

"Dada Afrakoma," akasema, "yako inakaa?"

Nikasema yangu imekaa kama msumari. Nikiwa bado nasema, kipande kidogo cha jua kikadondoka kutoka kidevuni kwangu, kikatua mkononi mwake. Alikipuliza taratibu.

"Rangi ni nzuri sana," akasema. "Sijaona rangi inayotupenda sisi weusi namna hii. Ila inahama. Nataka nimwambie Bibi kabla hajaijaza nchi nzima. Nikimficha nitakuwa nimemtupa."

Nikamwambia poda ni kama mgeni, ukimpokea kwa shaka hakai. Akanitazama jinsi muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona. Akanipa sponji.

Nimerudi nyumbani na furaha kubwa. Dufie atamwambia Bibi ukweli, Bibi atanuna, bango ni langu. Wakati mwingine kazi ya mtu ni kukaa pembeni tu, mpinzani ajimalize. Sponji yake ni laini ajabu. Sitairudisha mapema.

Jumamosi, 9 Desemba

Mazishi ya Mzee Adomako, mzee wa kanisa letu. Bantama nzima imevaa nyeusi.

Nilikwenda na uso kamili. Mama akasema watu wanakwenda kumzika mtu, si kumwangazia njia. Nikamjibu kwamba marehemu alipenda watu wajipambe. Sikumfahamu sana marehemu.

Dufie naye alikuwepo. Nguo nyeusi, uso mtupu, umeoshwa tu. Hata hivyo alipendeza. Inachosha.

Tukapita kwenye mstari kuwapa wafiwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwa Mjomba Nkansah nikashindwa. Si mjomba wa damu, ni mpiga kinanda wa kanisa. Amenifundisha kuimba tangu utotoni. Kwanza aliniweka sauti ya kwanza, baadaye akanihamishia ya pili, baadaye akanishauri kwa upole kwamba Mungu anahitaji pia watu wa kupokea wageni mlangoni. Mtu mwema kabisa. Marehemu alikuwa rafiki yake wa ujana. Alisimama pale, nguo yake nyeusi ameitupia bega la kushoto, macho mekundu, mikono hajui aiweke wapi. Nikamkumbatia. Nikaweka uso wangu begani kwake, nikakaa hapo kitambo. Nililia kidogo.

"Haya, binti yangu," akasema. "Haya."

Baadaye tukiwa tunakula nikamwona anapita. Begani, juu ya ule weusi, nilikuwa mimi. Shavu, pua, nusu ya mdomo, hata kile kishimo cha shavuni. Kwa dhahabu.

Hapo ndipo nilipotambua ufundi wa Bibi Korantema. Mpiga picha wa studio asingefikia pale. Nyusi ulizitambua unywele kwa unywele.

Nilitaka kumwambia. Lakini watu walikuwa wanampa pole, na si adabu kukatiza pole. Halafu ningemwambia nini? Kwamba poda isiyobanduka imebandukia kwake?

Jumapili, 10 Desemba

Ibada ya shukrani, nguo nyeupe na nyeusi. Kinanda leo kilikuwa kinaburuta miguu. Wimbo wa furaha uliimbwa polepole hata watoto wakalala. Shangazi Takyiwa, mke wa Mjomba, mweka hazina wa akina mama, alikaa upande wa pili wa kanisa. Mgongo wake ulikuwa unazungumza.

Ibada ilipokwisha habari zilitoka mlangoni kabla ya watu. Shangazi Takyiwa ameiona nguo. Amemuuliza mumewe uso huu ni wa nani. Mwanamume mwingine angesema ni wa dada yake, ni wa shangazi wa marehemu, ni wa yeyote. Mjomba hajui kudanganya. Akasema hajui, amekumbatiwa na wengi.

Wengi! Mtu akisema ukweli kwa namna ile ni heri angedanganya.

Shangazi amehamia kwa dada yake kule Asokwa, na amechukua sufuria zake. Mwanamke akiondoka na nguo, hiyo ni hasira, hupoa. Akiondoka na sufuria, anamaanisha. Na hawa ni watu waliozeeka pamoja. Baada ya ibada hukaa kwenye ngazi za kanisa wakasengenya mahubiri, yeye anaanza sentensi, mumewe anaimaliza. Leo Mjomba alikaa kwenye ngazi peke yake. Nilimsikia akianza sentensi.

Mama akanitazama. Mimi nikatazama kitabu cha nyimbo.

Jumatatu, 11 Desemba

Sijala vizuri. Fufu bakuli moja tu.

Nimewaza. Nikikiri, itabidi niseme poda inahama. Nikisema inahama, nimejiita mwongo mbele ya wafuasi wangu wote, na Bibi anakuja Ijumaa. Nisipokiri, Mjomba anakula mkate mkavu katika nyumba isiyo na sufuria.

Mama hakunung'unika. Alisema tu niende Asokwa nikamwambie Shangazi ni mimi. Nikasema maneno hayo ni machache lakini yana gharama. Akauliza gharama inalipwa na nani kwa sasa. Mama ana tabia mbaya ya kuuliza maswali mafupi.

Halafu, nikiwa naoga, mpango ukanijia mzima mzima, na povu masikioni. Dhahabu kwenye bega moja ni kashfa. Dhahabu kwenye mabega yote ni hali ya hewa.

Jumatano kwaya inafanya mazoezi ya Krismasi, na wanavaa majoho. Majoho ya wanaume ni meusi. Mimi ni mpokea wageni. Ufunguo wa chumba cha majoho ninao.

Leo nitalala usingizi wa mtakatifu.

Jumatano, 13 Desemba

Niliingia mchana, kanisa likiwa tupu. Majoho yametundikwa kwenye mstari, yamenyooka kama wazee wa baraza. Nikajipaka poda, nikaweka uso wangu kwenye bega la joho la kwanza, nikabana. Nikajipaka tena. Joho la pili. La tatu. Kufikia majoho ya besi, wale wa sauti nzito, pua ilikuwa inauma. Lakini kila nilipobandua uso, nilijikuta pale, mzuri kuliko kwenye kioo. Joho la mwalimu wa katekisimu ndilo lililotoka vizuri kuliko yote. Nililitazama kwa muda mrefu.

Jioni nikasimama mlangoni kama kawaida. Wanaume wakavaa, wakapanga mistari. Jua la mwisho likaingia dirishani, likawapiga mabegani. Laiti Bibi Korantema angeona. Besi zote ziliwaka kama taa za sikukuu. Walipoanza kuimba nikasikia machozi, na safari hii yalikuwa ya kweli.

Ndipo Shangazi Takyiwa akaingia kurudisha ufunguo wa kabati la akina mama. Akasimama. Akawatazama wanaume, bega baada ya bega. Nikasubiri atambue kwamba dhahabu haina mwenyewe, inaanguka tu, kama vumbi la harmatani. Nikasubiri uso wake ulegee.

"Kumbe ni mwanamke mmoja," akasema polepole. "Na amepita kwaya nzima."

Kinanda kikakatika katikati ya ubeti.

Wengi wa waimba sauti ya pili ni wake wa waimba besi. Mke wa Kaka Boahen, seremala, akamgeuza mumewe begani kama anayekagua kitambaa sokoni. Akauliza, "Boahen, huyu nani?" Boahen akachungulia bega lake mwenyewe akasema hajawahi kumwona. Akaongeza kwamba ni mzuri. Hakupaswa kuongeza.

Mwalimu wa katekisimu akasema tuombe. Hakuna aliyefumba macho.

Kisha binti mmoja wa sauti ya kwanza akagusa dhahabu ile kwa kidole. Akasema hii ni Owia, ameiona kwenye simu, na Kumasi nzima wanayo wawili tu: Dada Afrakoma na Dada Dufie. Macho yote yakanigeukia. Lakini binti huyohuyo akasema haiwezi kuwa Dada Afrakoma, maana ya Dada Afrakoma haihami, amesema mwenyewe kwenye video mbili.

Hakuna aliyelinganisha bega na pua ya mtu. Wakakubaliana kwamba ni Dufie.

Nimeokoka. Naandika neno hilo na halikai vizuri, kama poda.

Alhamisi, 14 Desemba

Wateja wawili wa Dufie wamehamia kwangu. Mmoja alisema hawezi kupakwa na mwanamke anayekula ndoa za watu. Nikampaka. Nyusi moja ikapanda juu, akaondoka akionekana mwenye mashaka na kila kitu.

Nimepita mbele ya duka la Dufie. Alikuwa anafagia mlangoni. Akanisalimu kama siku zote, akauliza sponji inanifaa. Nikasema inanifaa. Nikapita haraka.

Mama hajasema lolote tangu asubuhi. Ni jambo baya sana.

Ijumaa, 15 Desemba

Nitaandika yote, hata kama kalamu inakataa.

Bibi Korantema alitukaribisha katika ukumbi wa hoteli moja ndogo kule Adum. Ni mfupi, mnene, ana kicheko cha mtu aliyewahi kulia sana akachoka. Viganja vyake vigumu. Kwenye meza ameyapanga makopo ya Owia kama mayai kwenye kiota. Nikampenda papo hapo zaidi ya nilivyompenda kwa mbali.

Hajamaliza kutukaribisha, mlango ukafunguka. Shangazi Takyiwa, na nusu ya sauti ya pili nyuma yake. Amebeba mfuko. Akatoa nguo nyeusi, akaitandaza juu ya makopo, akamwambia Bibi samahani kwa usumbufu, anataka kuwajua wanawake wawili waliotumiwa poda hii.

Dufie akasimama. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa na nondo.

"Binti," Shangazi akamwambia Dufie, "nyumba yangu imekukosea nini?"

Dufie angeweza kuninyooshea kidole. Ananijua uso wangu, amenitazama karibu kuliko mama yangu. Aliiangalia ile nguo, akanitazama mara moja tu, na nikaona amejua kila kitu. Kisha akatoa kitambaa chake cheusi, akajipaka poda mbele ya watu, akabana kitambaa usoni, akakifunua. Uso wake ukawa pale, unang'aa.

"Poda hii inahama, mama," akasema. "Yeyote aliyeipaka akimkumbatia mfiwa, huacha uso wake begani. Hapo hakuna dhambi. Ni pole tu."

Hakutaja jina langu. Watu wakanong'ona kwamba bila shaka anajitetea. Naye akasimama tu, uso umemetameta nusu, akinyamaza kwa ajili yangu. Sijawahi kuona mtu mzuri vile, na nimeona maharusi wengi.

Nyuma kabisa mtu akakohoa. Mjomba Nkansah. Alikuwa amemfuata mkewe kwa miguu. Shati halijapigwa pasi, vifungo vimepishana, kola moja juu, nyingine chini.

"Takyiwa," akasema, "twende nyumbani. Uso sijui ni wa nani. Nyumba najua ni ya nani."

Ni vile vifungo. Ningeweza kuvumilia maneno, lakini si vifungo. Nikajikuta nimesimama.

"Ni wangu," nikasema. "Shangazi, uso ni wangu."

Shangazi hakupiga kelele. Aliniita kwa kidole, akaishika nguo kando ya uso wangu, akalinganisha pua na pua, shavu na shavu, kama fundi anayepima mlango.

"Ni yeye," akasema. "Ulikuwa unafanya nini begani kwa mume wangu?"

"Nilikuwa nalia, Shangazi."

Akaichungulia nguo. "Machozi yako wapi?"

Nikasema yalikuwa machache.

"Ni kweli alilia," Mjomba akasema kutoka nyuma. "Ilikuwa kama uimbaji wake. Nia ilikuwepo."

Shangazi Takyiwa alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza, kisha tumbo, kisha kicheko chote, na mke wa Boahen akacheka, na mwisho wakawa wanashikana wasianguke. Halafu akajifuta macho akauliza, na majoho? Nikasema majoho ni habari ndefu. Akasema ana nafasi. Nikaieleza. Wakacheka tena, isipokuwa mke wa mwalimu wa katekisimu.

Dufie na Bibi Korantema nao hawakucheka. Bibi alikuwa ameishika ile nguo. Nilidhani anahitaji kutiwa moyo, nikamwonyesha nyusi, nikasema tazama usafi wa chapa, Bibi, hakuna mahali imepauka.

"Ulijua inahama?" akaniuliza.

"Tangu Jumanne ile."

"Na ukatangaza inakaa."

"Kopo lilikuwa zuri mno," nikasema. Ndio ukweli wenyewe.

Bibi akaikunja ile nguo. Kisha akasema, si kwangu, kwa ukumbi mzima, kwamba tangu aanze kila mtu amemsifu. Dada zake wamemsifu, mchungaji amemsifu, na kwa sifa hizo alikuwa karibu kuipeleka poda hii kila mji wa nchi hii. Akamshika Dufie mkono. "Huyu ndiye wa kwanza kunisaidia," akasema.

Wakaketi pembeni wao wawili, vichwa pamoja, wakizungumza juu ya mafuta na unga, na hawakutuona tena. Dufie ndiye uso wa bango. Pia kila kitu cha Bibi kitapita kwake kwanza.

Nilimtazama akiwa ameinamisha kichwa vile, na dhahabu shavu moja. Bango litampenda. Nilitamani kumchukia, sikupata mahali pa kushika.

Shangazi Takyiwa akamfungua mumewe vifungo mbele ya watu wote, akamfunga upya, kimoja kimoja. Wakatoka.

Jumapili, 17 Desemba

Sufuria zimerudi. Zilibebwa na besi, kama adhabu ya kuwa na mabega. Kinanda leo kilikimbia, waliobeba sadaka wakafika mbele wakihema.

Baada ya ibada Shangazi Takyiwa akanijia. Akatoa leso, akanifuta uso mzima, paji hadi kidevu, akaitazama leso, akaridhika. Ndipo akanikumbatia. Alinibana sana. Akanong'ona kwamba mara nyingine nikitaka kulia, nilie kwake.

Nimepewa majoho niyafue. Nimeyaloweka, nimeyasugua, nimetia limau, nimetia majivu. Haitoki! Kwenye shavu haikukaa hata nusu siku, kwenye joho haibanduki milele. Krismasi hii besi wote wataimba nikiwa begani. Nimemwandikia Bibi Korantema kumjulisha kwamba kwenye pamba Owia inakaa kama msumari, kwa hiyo sikuwa nimedanganya, nilikosea mahali tu.

Mama amesema natakiwa kutafakari wiki hii. Nimetafakari. Nimejifunza kwamba haraka si nzuri, sifa za bure zinaumiza, na mpinzani anaweza kuwa mtu bora kuliko wewe. Nimefurahi kuyamaliza yote mapema.

Alhamisi, 21 Desemba

Moyo wa Bibi Korantema ni mkubwa kama soko. Pamoja na yote yaliyotokea, ametuma kichupa cha kitu kipya: gundi ya kope za bandia. Ameandika kwamba ni ya majaribio, nitumie tone moja tu, jicho moja tu, na nisimwambie mtu mpaka Dufie amalize kuichunguza.

Kichupa! Shingo nyembamba, kifuniko cha rangi ya zambarau, kinazunguka bila kelele. Aliyekichagua ana macho ya kisanii.

Nimepaka matone matatu, kwa sababu ninaifahamu ngozi yangu. Video ya sifa nimerusha kabla ya kifungua kinywa. Mpango ni kumwonyesha Bibi kwamba uchunguzi si lazima uchukue muda, na hapohapo kumtengeneza Shangazi Takyiwa kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yake, mchana huu, awe tangazo linalotembea mbele ya Kumasi nzima. Alisita. Nikamwambia nimebadilika. Akanishika mkono akasema anaona hivyo.

Jicho langu la kushoto halijafunguka tangu asubuhi. Naandika kwa la kulia. Shangazi Takyiwa yuko kitini hapa nyuma yangu, macho yote mawili yameshabandikwa kope, yamefumba, anauliza umeme umekatika saa ngapi.

Gundi ya ajabu. Sijawahi kuona kitu kinachoshika ahadi yake namna hii.